Kizazi cha bando

Mtoto aliyezaliwa Mombasa au Dar es Salaam Julai 2009 ana umri mmoja na intaneti ya kasi ya Afrika Mashariki. Mwezi huo mkongo wa SEACOM, uliolazwa chini ya bahari, uliwashwa na kuziunganisha Kenya na Tanzania na Ulaya na India. TEAMS, uliovutwa kutoka Fujairah hadi Mombasa, ulifika mwaka huohuo, na EASSy ukafuata mwaka 2010. Kabla ya hapo mawasiliano ya kanda hii na dunia yalitegemea zaidi setilaiti, na gharama yake ilimwangukia kila aliyekaa kwenye kiti cha kafe ya intaneti. M-Pesa, iliyoanzishwa na Safaricom Machi 2007, ilikuwa tayari na miaka miwili. Kijana huyo alitimiza miaka 16 mwaka 2025, na hajaishi hata siku moja ambayo pesa haikuweza kutumwa kwa simu.

Wako wanaodhani kuwa hilo linatosha kumweleza. Mwaka 2001 mwandishi wa Marekani, Marc Prensky, aliwaita vijana wa aina hii wazawa wa dijitali, na wazazi na walimu wao akawaita wahamiaji. Maneno hayo yakapendwa na kila warsha ya elimu duniani, zikiwemo za Nairobi na Dodoma. Lakini Prensky alikuwa akiwatazama wanafunzi wa Marekani, watoto waliokua na kompyuta ya nyumbani, michezo ya video na simu zao wenyewe. Kumchukua kijana huyo wa Marekani na kumbandika Afrika Mashariki kumezaa mijadala miwili isiyo na mguu. Mmoja unasema watoto wetu wamezama kwenye skrini na wanahitaji kuokolewa. Mwingine unasema wamezaliwa na ujuzi na wanahitaji kuachiwa njia. Yote miwili inaruka maswali ya mwanzo kabisa: simu ni ya nani, bando limenunuliwa na nani, na kinapotokea kitu, nani anamlinda mtoto?

Jioni katika nyumba ya vyumba viwili Mbagala, Dar es Salaam, simu janja moja ina mabosi wanne. Mchana kutwa imekuwa kwa mama kwenye biashara ya chapati, ikipokea malipo ya wateja. Saa moja usiku inarudi nyumbani ikiwa na chaji kidogo na MB zilizobaki kwenye bando la saa 24 alilojiunga asubuhi. Mdogo anataka katuni. Dada yake anataka TikTok. Wa kidato cha pili anasubiri mtihani wa mwaka jana uliotumwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, maana kundi la wanafunzi halipo. Shuleni simu ni marufuku. Faili haliingii, memori imejaa, basi picha za harusi ya shangazi zinafutwa. Ikifika saa nne bando limekata na kila mtu anakwenda kulala, isipokuwa yule anayejua nywila ya Wi-Fi ya duka la jirani.

Hayo ndiyo maisha ya kidijitali ya vijana wengi wa kanda hii: yanakuja kwa vipande, kwa zamu, na kwa jina la mtu mwingine. Tangu Tanzania ianze kusajili laini kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) mwaka 2019, laini anayoitumia mtoto mara nyingi husomeka kuwa ya mzazi. Kwenye mitambo ya kampuni ya simu, watumiaji wote wanne wa nyumba ile ni mwanamke mmoja wa makamo anayependa vichekesho, kandanda, katuni na hesabu za kidato cha pili.

Picha pana ya dunia inaonyesha vivyo hivyo. Mwaka 2020 UNICEF na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, walikadiria kuwa watoto na vijana bilioni 1.3 wenye umri wa miaka 3 hadi 17, yaani theluthi mbili ya rika hilo duniani, hawakuwa na intaneti nyumbani. Ripoti yao ilitoka mwaka ambao jambo hilo liliuma kuliko wakati wowote. Kenya ilikuwa imefunga shule Machi 2020, na wanafunzi wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Tanzania nayo ilifunga Machi, ikaanza kufungua Juni.

Katika miezi ile, baadhi ya waliokuwa na kompyuta na intaneti ya nyumbani waliendelea na masomo yao kupitia Zoom. Wengine waliokolewa na mambo ambayo watu wa teknolojia huyaona ya kizamani. Katuni za Ubongo Kids, zinazotengenezwa Dar es Salaam na kurushwa tangu 2014, zilikuwa zimeshawazoesha watoto kujifunza hesabu na sayansi kwenye runinga na redio. Shule Direct, iliyoanzishwa na Faraja Nyalandu mwaka 2013, ilikuwa na masomo ya sekondari mtandaoni. Kenya ilikuwa na Eneza, iliyokuwa ikituma masomo na maswali kwa ujumbe mfupi, hata kwa simu ya kitochi. Huduma hizi zilifaulu kwa sababu waliozibuni walianza kwa kuuliza ni kifaa gani kipo nyumbani, kisha wakakifuata hicho.

Serikali ya Kenya ilianzia upande wa pili. Katika kampeni za 2013, muungano wa Jubilee uliahidi kompyuta za mkononi kwa watoto wa darasa la kwanza. Zabuni zikagombaniwa hadi mahakamani, ahadi ikageuka kuwa vishikwambi, na mwaka 2016 usambazaji ukaanza. Mwishowe zaidi ya vishikwambi milioni 1 vilifika kwenye shule za msingi za umma zaidi ya 20,000. Ni idadi ambayo nchi chache za Afrika zimeifikia, na si haki kuidharau. Shule nyingi za vijijini ziliwekewa umeme kwa sababu ya mpango huo. Lakini walimu wengi walipata mafunzo ya siku chache tu, vifaa vikafungiwa kabatini kwa hofu ya wezi, na watoto waliolengwa wakamaliza shule ya msingi. Mtaala mpya wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchi nzima 2019, ukaweka ujuzi wa kidijitali miongoni mwa mambo ya msingi. Wakati huohuo, mlinzi wa lango la shule ya bweni bado anapekua masanduku kutafuta simu. Mtoto anafundishwa kuwa teknolojia ni umilisi wa lazima, na kwamba akikutwa nayo ataadhibiwa.

Vijana hawakungoja mkanganyiko huo utatuliwe. Mwaka 2021 Kili Paul, kijana wa Kimaasai wa kijiji cha Mindu Tulieni mkoani Pwani, alianza na dada yake Neema kupiga video fupi wakiigiza midomo kwenye nyimbo za Kihindi, shuka mabegani, ng'ombe nyuma yao. Kijiji hakikuwa na umeme. Simu ilipelekwa Lugoba kuchajiwa. Februari 2022 Ubalozi wa India nchini Tanzania ulimpa heshima, na Waziri Mkuu Narendra Modi akawataja ndugu hao katika hotuba yake ya redio kwa taifa la India. Hakuna warsha iliyomfundisha Kili Paul namna ya kuwafikia mamilioni ya Wahindi. Alikuwa amezipenda nyimbo zao tangu utotoni, kwenye filamu.

Mfano huo hupendwa sana, pengine kupita kiasi. Kwa kila Kili Paul kuna maelfu wanaopiga video zisizotazamwa na mtu, na walio wengi zaidi hawapigi video kabisa, ila wanafanya kazi za kidijitali zisizo na jina wala uso. Nairobi ndiyo makao makuu ya kazi hizo katika kanda hii. Vijana wenye shahada waliketi wakichuja picha za mauaji na ubakaji ili watumiaji wa Facebook wasizione. Mwaka 2022 mmoja wao, Daniel Motaung kutoka Afrika Kusini, aliishtaki Meta na kampuni ya Sama katika mahakama ya Kenya kwa madai ya mazingira ya kazi yaliyomuumiza akili. Mei 2023 wachujaji wa maudhui zaidi ya 150 walikutana Nairobi na kuamua kuunda chama cha wafanyakazi. Wengine walilipwa vijisenti kwa kuchora mistari kuzunguka magari na miti kwenye picha ili mashine zijifunze kuona, hadi Machi 2024 ambapo jukwaa la Remotasks lilijifunga kwa Wakenya, na watu wakaamka asubuhi akaunti zao hazifunguki. Wapo pia walioishi kwa kuwaandikia insha wanafunzi wa Uingereza na Marekani, biashara ambayo Uingereza iliipiga marufuku kwa sheria ya 2022. Ni ajabu ya aina yake: kijana anayeambiwa nyumbani kwamba hana ujuzi wa soko la ajira anampatia mwenzake wa ng'ambo alama za juu chuoni.

Kisha kuna mkeka.

Huu hautandikwi sakafuni. Ni orodha ya mechi ambazo kijana ametabiri matokeo yake kwenye tovuti ya kubeti, kwa dau ambalo laweza kuwa shilingi mia tano au buku. Mechi moja ikikosea, mkeka umechanika. Jumamosi jioni kwenye kibanda umiza, ukumbi wa mabenchi unaoonyesha mechi kwa kiingilio, wavulana hutazama mpira jicho moja na simu jicho jingine, na goli la dakika ya 90 huko Uingereza linaweza kumliza mtu Manzese ambaye si shabiki wa timu yoyote kati ya hizo mbili. Ambaye hawezi kungoja dakika 90 anacheza kile kindege kinachopaa kwenye skrini na kutoweka baada ya sekunde chache, na pesa zako nazo.

Kisheria huu ni mchezo wa wenye miaka 18 na kuendelea. Lakini laini iliyotumika kuweka dau ni ya baba, na mfumo unamwona baba. Matangazo nayo yalianza kumfikia mtoto zamani. Mwaka 2017 SportPesa ilidhamini Simba na Yanga kwa wakati mmoja, na Julai mwaka huo ikaileta Everton, Wayne Rooney akiwemo, kucheza na Gor Mahia ya Kenya kwenye Uwanja wa Taifa Dar es Salaam. Uwanja ulijaa shangwe, na ni kweli kwamba klabu zilikuwa zinahitaji fedha hizo. Ila tangu hapo mtoto wa darasa la tatu anayenunuliwa jezi ya timu ya nyumbani amekuwa akivaa kifuani jina la kampuni ya kubeti. Mamlaka ya Kenya ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30 kuanzia mwisho wa Aprili 2025. Ni hatua, lakini ilikuja baada ya kizazi kizima kukariri nembo hizo.

Anayeshindwa hukopa, na mkopo nao uko kwenye simu ileile. Nchini Kenya M-Shwari ilianza 2012, Fuliza 2019. Tanzania ina Songesha. Huduma hizi zimeokoa wagonjwa na biashara ndogo, na mtu asiyewahi kukwama na mgonjwa usiku wa manane asizibeze. Lakini kijana anayetimiza miaka 18 leo anapata namba ya kitambulisho na uwezo wa kukopa takribani kwa pamoja, kabla hajapata kipato.

Ukilinganisha haya na mjadala mkubwa wa dunia kuhusu vijana na skrini, unaona jinsi mjadala huo unavyozungumzia mambo mengine. Mwaka 2024 mwanasaikolojia wa Marekani, Jonathan Haidt, alichapisha The Anxious Generation, akidai kwamba simu janja na mitandao ya kijamii vimevuruga akili za vijana tangu miaka ya 2010. Wapo wanaompinga kwa takwimu. Watafiti Amy Orben na Andrew Przybylski walikuwa wameshachambua mwaka 2019 data za vijana zaidi ya 350,000 na kukuta kwamba matumizi ya teknolojia yanaeleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za ustawi wao. Ugomvi huo haujaisha. Lililo wazi ni kwamba data za utafiti huo zilitoka Marekani na Uingereza, kwa vijana wenye simu binafsi na intaneti isiyokatika. Anayezinukuu kwenye semina ya wazazi Morogoro anapaswa angalau kulitaja hilo.

Sheria za ng'ambo nazo zinasafiri kwa shida. China mwaka 2021 iliwaruhusu walio chini ya miaka 18 kucheza michezo ya mtandaoni saa moja tu, jioni za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Australia tangu 10 Desemba 2025 inayalazimisha majukwaa makubwa kuwazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti, na faini inaweza kufika dola za Australia milioni 49.5. Sasa sheria hiyo iletwe Mbagala. Akaunti ni ya mama, laini ni ya mama, alama za vidole zilizosajiliwa ni za mama. Mtoto wa miaka 11 anayetazama hana akaunti ya kufungiwa, na kanuni za jukwaa zinamletea mambo ya watu wazima zikidhani zinamhudumia mtu mzima. Marufuku ya umri ingempita juu ya kichwa.

Hatari kubwa zaidi nayo haiko mahali inapotafutwa. Uchunguzi uitwao Disrupting Harm, uliofanywa na ECPAT, INTERPOL na UNICEF, uliwahoji watoto karibu 1,000 wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti nchini Kenya, na idadi kama hiyo Tanzania. Matokeo yakatoka 2021 na 2022. Wazazi huogopa mgeni wa mbali mwenye jina bandia. Lakini mara nyingi watoto waliodhulumiwa walimjua aliyewadhulumu, na wengi wao hawakwenda polisi wala kupiga simu ya msaada. Sababu inaeleweka. Mtoto akisema kwamba mtu amemwomba picha za utupu kwa WhatsApp, jambo la kwanza atakalosikia nyumbani ni swali: na wewe simu uliipata wapi? Ananyang'anywa simu, na aliyemwomba anabaki na yake.

Watu wazima wenyewe si walinzi wazuri wa picha za watoto. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kiasi hicho kilizishtua shule nyingi, ambazo kwa miaka zimekuwa zikiwapanga watoto wa mahafali mbele ya kamera kwa ajili ya ukurasa wa Facebook. Tanzania ilipata sheria yake ya ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika 2023. Kwenye makundi ya wazazi, hata hivyo, picha za mtoto wa mwenzio akilia kwa sababu ya ada bado husambazwa, na mtu anaweka na kijikatuni cha kucheka.

Juni 2024 vijana wa Kenya waliwaonyesha watu wazima jinsi wanavyoweza kuitumia simu hiyohiyo. Muswada wa Fedha wa mwaka huo, walioupinga, ulifafanuliwa kwenye TikTok kwa lugha za makabila na kwa lugha ya alama. Kukatengenezwa programu ya akili mnemba ya kuujibia maswali kifungu kwa kifungu, namba za simu za wabunge zikasambazwa, zikapigwa na kutumiwa ujumbe hadi betri zikaisha. Walipoandamana, walizungumza kwa programu ya Zello kama kwa redio za upepo. Tarehe 25 Juni waliingia bungeni, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini muswada huo. Gharama ilikuwa ya damu: Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilikuwa imehesabu vifo 39 kufikia 1 Julai. Siku nne baadaye Rais alijitokeza kwenye mazungumzo ya sauti katika mtandao wa X, akijibu maswali ya watu waliozaliwa yeye akiwa tayari mbunge.

Mwaka uliofuata Rose Njeri, mtaalamu wa programu, alitengeneza ukurasa uliomwezesha mwananchi kutuma barua pepe bungeni kupinga Muswada wa Fedha wa 2025. Alikamatwa tarehe 30 Mei, akalala rumande siku kadhaa, akashtakiwa kwa sheria ya makosa ya mtandao. Tarehe 20 Juni mahakama ilisema mashtaka hayo hayakuonyesha kosa. Tanzania ilikuwa imeufunga mtandao wa X tangu Mei mwaka huo, na siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Uganda ilikuwa imetangulia: mwaka 2018 ilitoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetaka kufungua mitandao ya kijamii, na Januari 2021 ikafunga Facebook.

Ukiyaweka haya pamoja, mwendo wa dola unaonekana. Kijana akisema neno, hujibiwa kwa saa au siku: kwa pingu, kwa mashtaka, kwa kuzima mtandao. Kijana huyohuyo akichanganyikiwa kwa kamari, akidaiwa na simu, au akitishiwa na mtu mwenye picha zake, majibu huchukua miaka, na mara nyingi huja kama semina. Vifaa vya kumpata anayeongea vipo na vinafanya kazi vizuri. Kwa hiyo anayesema serikali zetu hazina uwezo wa kiteknolojia wa kuwalinda watoto mtandaoni amekosea. Uwezo upo, umeelekezwa kwingine.

Mwenye mtoto asingoje uelekezwe upya. Kenya, Tanzania na Uganda zina namba moja ya simu ya msaada kwa mtoto, 116, na kuipiga ni bure. Mfundishe mtoto wako namba hiyo leo, na siku atakapokujia na habari mbaya iliyotoka kwenye simu, usianze kwa kumnyang'anya.